Makelele ya Gare ya Tano

Lubumbashi, Kampemba, tarehe 4 Agosti 2024

Mado, mudogo yangu,

Nakusalimia na moyo wote, weye pamoja na shemeji Ruben na banguruwe benu, kama beko bado. Sisi huku tuko. Plamedie, binti yangu wa mwisho, alipata kazi ku Luano, kule ndege inashukiaka. Anavaa jupe ya bluu na foulard mu shingo, na tangu alianza anasemeshaka bantu bote "vous" ya heshima, hata miye baba yake, hata mbuzi ya jirani. Miye mwenyewe meno ya juu iliisha, balinitia ingine. Iko muzuri ku macho lakini inatembea.

Nakuandikia barua juu ya hii: siku ya matanga ya mama, miaka sita sasa, ulisimama mbele ya bantu bote na kusema sauti yangu hautaisikia tena mu maisha yako. Nilipiga telefone mara kenda. Kila mara ni Ruben anaitika, anasema uko mu shamba. Mado, weye hauna shamba. Basi nikawaza: barua haina sauti. Hii utaisoma na sauti yako mwenyewe, na neno lako litabakia nzima.

Mbele ya byote, pardon juu ya ile pagne ya mama, kitenge ya bandege. Najua niliibeba wakati weye ulikuwa unaitaka. Naituma leo na Floribert, shoferi wa lori mwenye kupitaka Sakania kila wiki mbili. Iko safi.

Sasa jambo lenyewe. Juma iliyopita muntu mumoja, jina Aristote, alikuja kunitafuta. Ni mwalimu wa muziki ku sekondari, na kila dimanche, siku ya misa, anapitishaka emission ku radio moja ya hapa. Alisimama ku mulango, akaniangalia sawa vile bantu banaangaliaka sanamu ya mutakatifu, akasema: "Baba, njo weye Casimir ya Kelele?"

Nilikuwa na kaptula, na sabuni mu masikio. Nikasema njo miye.

Mado, bantu bangali banatafuta disiki yetu. "Gare Saba", ya mwaka 1975. Hauwezi kuwa ulisahau: sisi bote tulikuwa bafanyakazi ba reli, tukajiita Les Aiguilleurs, bale banageuzaka njia ya treni, na kila mwimbo ilikuwa gare moja, stesheni moja. Gare ya kwanza, rock ya gitare ya umeme. Ya pili, rumba. Ya tatu, karindula, muziki ya kijijini na banjo ya bidon ya mafuta. Ya ine, misa ya Kilatini, na padri alikaa mwezi muzima bila kutusalimia. Ya tano, rock ingine, ile ya nguvu. Ya sita, valse. Ya saba, fanfare ya tarumbeta yenye mutuashi, ile dansi ya viuno, ndani yake. Wakati ule bantu balisema tumepika sombe na chocolat mu chungu kimoja. Leo Aristote anasema tulitangulia dunia.

Lakini disiki hakuna. Unajua mambo ya ile wagon: disiki mia tatu zilishinda ndani yake mu jua ya Oktoba, zikajipinda zote kama sahani, na banamuke ba soko baliuzia karanga ndani yake miaka mingi. Zile chache tuliuza mbele zilipotea, moja tu ilibakia sawa, ile ya mama. Nawaza iko mu malle yako, ile sanduku kubwa, chini ya blanketi. Nakuomba uitume na Floribert.

Yaya yako, kaka mukubwa mwenye kukuwaza,
Casimir


Sakania, 25 Agosti 2024

Yaya,

Barua ilifika. Floribert aliikalia njia yote, ikaingia mafuta ya beignet, yale mandazi yake, lakini nilisoma.

Banguruwe beko munane. Ruben anaumia goti. Kila asubui anakaa ku mulango na kutangaza hali ya mvua kufuatana na goti. Goti inakosea kila siku, lakini bajirani bameanza kuja kuuliza. Treni inapita wakati yenyewe inataka. Miye nauza chumvi, sabuni na unga ya Zambia kama zamani. Banamuke ba ng'ambo ya mupaka habauze kitu bila kukucheka kwanza, kwa hiyo nimejifunza Kibemba ya matusi vizuri sana. Ile ya salamu bado.

Pagne ilifika pia. Sikuwa ninaitaka. Nimeikata rideau ya dirisha ya jikoni. Haiko juu ya pagne.

Malle niliifungua. Nilikuta blanketi.

Meno uyatie mu maji ya chumvi.

Mado


Lubumbashi, 8 Septemba 2024

Mado, mudogo yangu,

Pole kwa shemeji na goti yake. Umuulize kama mvua itanyesha huku tarehe 14 Desemba, kisha nitakueleza kwa nini. Plamedie anakusalimia. Alisema nikuandikie "tantine, nos respects", na mikono alikuwa anaionyesha mbele na nyuma, kama vile banaonyeshaka milango ya ndege.

Maji ya chumvi nilijaribu. Meno sasa inatembea na tena iko chumvi.

Nikuambie habari kubwa. Aristote anatengeneza concert. Siku ya mposho, jumamosi tarehe 14 Desemba, saa kumi ya mangaribi, mu salle ya parokia, na radio itapitisha yote moja kwa moja. Batoto ba leo batapiga zile gare saba, na miye nitaketi katikati na gitare. Lakini bantu batakuja juu ya kitu kimoja, Mado: ile kelele ya gare ya tano. Aristote aliisikia mu kaseti ya mujomba wake, akingali mutoto. Anasema gitare inanyamaza, ngoma inanyamaza, na sauti moja inapanda juu kama muntu anapasua mbingu na mikono. Aliipima. Seconde kumi na moja bila kupumua. Anasema mu rock ya Afrika yote hajasikia ingine kama ile. Aliniuliza kama ningali naiweza.

Nikasema: iko vile vile.

Basi nimeanza mazoezi. Siku ya kwanza, mu parcelle, inje ya nyumba, nilifungua kinywa na meno ikaruka juu ya ukuta mpaka mu sufuria ya bajirani. Beko bantu bazuri, baliirudisha na sahani, bakasema pole. Siku ya pili, vijana ba avenue balifika na fimbo, juu ya kufikiri kuna mwizi ananinyonga. Siku ya tatu Plamedie alisimama ku dirisha na akaniuliza kama nataka musaada: "Papa, vous avez besoin d'assistance?" Sauti yenye kutoka inafanana na mulango ya zamani. Ile ya disiki sikumbuke tena vile ilikuwa. Nahitaji kuisikia.

Kama haiko juu ya pagne, basi nimeelewa: ni ile sufuria kubwa ya matanga. Pardon. Ilibakia kwangu, na kweli nilisema imepotea. Naituma. Ndani yake nimetia karanga.

Chini ya blanketi, uliangalia?

Casimir


Sakania, 6 Oktoba 2024

Yaya,

Banguruwe beko saba. Mumoja alienda ku ndoa. Ruben aliuliza goti juu ya tarehe 14 Desemba. Goti inasema jua kali, kwa hiyo mujitayarishe na parapluie ya mvua.

Sufuria ni kubwa. Asante kwa karanga. Haiko juu ya sufuria.

Nauliza kitu kimoja tu. Uniandikie vile ulipiga kelele ile, siku mulifanya enregistrement ya disiki. Pole pole, kama muntu anamweleza mutoto. Ulikuwa umesimama wapi. Ulikuwa unaangalia nini. Ilianza namna gani. Nasema vile juu Kalenga, mupiga ngoma yenu, anakosea pigo moja mu gare ya pili, karibu na mwisho, na tena mu gare ya sita; lakini mu gare ya tano hakosee hata moja, mpaka pale ananyamaza. Nataka tu kujua nini ilimunyamazisha.

Mado


Lubumbashi, 20 Oktoba 2024

Mado, mudogo yangu,

Joto imeanza, udongo iko nyekundu mpaka mu mashuka. Plamedie alipanda cheo, sasa anavaa foulard mbili. Natumaini muko muzuri.

Unaniuliza juu ya kelele. Ni swali la kiufundi, na nafurahi. Nilikuwa nimesimama kandokando ya locomotive, na mukono mumoja juu ya chuma. Nilivuta pumzi mpaka chini ya kitovu. Kisha nilifikiria mateso ya mufanyakazi wa reli, na

(hapa nimefuta)

Hapana, nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimekaa juu ya kasha ya misumari, nimefunga macho, na nikamuona nkambo yetu, ule babu wa zamani, akivuka muto ya Lualaba. Ile picha njo ilinishika, na sauti ikatoka yenyewe bila miye kuiita, na Kalenga akanyamaza juu ya heshima.

Njo vile. Karibu.

Lakini miye pia nina swali. Umejua namna gani kama Kalenga anakosea mu gare ya pili? Miye nilikuwa pale, na sikumbuke. Muntu hawezi kujua vile ila kama anaisikiliza, na anaisikiliza mara mingi. Mado, chini ya blanketi kuna disiki, na kuna jirani yenu mwenye tourne-disque, machine ya kuipiga, na muko munanificha.

Kama ni juu ya mbuzi ya matanga, vile nilitwaa kichwa na weye ukapata shingo, pardon pia kwa ile.

Casimir


Lubumbashi, 17 Novemba 2024

Mado,

Floribert amepita mara mbili na mikono mitupu. Ya kwanza nilimuuliza kama uko mugonjwa. Akasema hapana, ulikuwa unauza. Ya pili nilimuuliza kama ulisema kitu. Akasema ndiyo, ulimuambia apunguze beignet.

Leo sitasalimia mingi. Plamedie alienda ku kazi, niko peke yangu mu nyumba, na nitaandika haraka mbele sijabadili mawazo.

Ilikuwa dimanche, mu atelier ya reli, kule banatengenezaka locomotive. Tulikuwa tumeazima machine ya kushika sauti ku parokia, na bande, ule utepe wake, ilibakia moja tu. Weye ulikuwa na miaka kumi na tatu. Mama alikutuma utuletee munkoyo, tulikuwa na kiu, na uliingia na ndoo ya ile kinywaji tamu ya mahindi juu ya kichwa, ukingali na robe yako nyeupe ya misa. Nyuma yako kuliingia bata ya chef de gare, mukubwa wa stesheni. Ile bata kubwa, mbaya roho, yenye hata chef mwenyewe alikuwa anaizunguka. Hatukuiona. Tulikuwa mu gare ya tano. Gitare yangu ilinyamaza pale inanyamazaka, na bata ikakuuma. Mahali ilikuuma unajua.

Sauti yenye ilitoka mu weye, Mado, sijaisikia tena tangu siku ile. Kalenga alibakia na fimbo zake mu hewa. Hakuna muntu alisimamisha machine juu bande ilikuwa moja. Kisha ukanyamaza, tukaendelea mpaka mwisho.

Tuliisikiliza mara moja. Mukubwa wa machine, mwenye alikuwa anakunywa inje wakati ule, aliingia na kuuliza: "Nani alifanya ile?" Weye ulikuwa umekwisha kwenda nyumbani kufua robe. Nilifungua kinywa niseme "mudogo yangu", na kulitoka "miye". Benzangu balicheka, na habakusema kitu. Balifikiri nitarekebisha kesho yake. Kesho yake bantu ba reli bote balikuwa bananiita Casimir ya Kelele.

Nilitaka kuirekebisha mwaka ule. Kisha Edith akakuja. Unajua vile tulioana. Mbele hajaniona, alikuwa amesikia disiki ku bar ya mujomba wake, akasema muntu mwenye kulia vile atamuoa. Alinitafuta mu Kampemba yote. Sasa nimuambie kama ni bata? Nilikaa na Edith miaka makumi tatu na saba, na kila siku nilikuwa naogopa ataniomba niifanye tena. Hakuniomba hata mara moja. Nilimuzika na ile siri mu tumbo.

Njo ile. Nakuomba pardon. Disiki unaweza kubakia nayo.

Casimir


Sakania, 24 Novemba 2024

Yaya Casimir,

Salamu ya Ruben. Goti yake ilipona, na sasa anahuzunika juu hakuna muntu anakuja tena kumuuliza.

Barua yako niliisoma mu boutique na nilifunga mulango mbele ya saa.

Nikuambie kitu. Edith alijua. Mwaka wa pili wa ndoa yenu ulikanyaga musumari, unakumbuka, na ulilia. Edith alikuja kwetu mangaribi ile ile, akakaa mu jikoni na miye, akasema: "Mado, bwana yangu leo amelia sawa kuku. Ile mulio ya disiki haiko yake. Ni ya nani?" Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikujua kudanganya. Nilimuonyesha mahali bata iliniuma. Alicheka mpaka akashuka chini ya meza. Kisha akapangusa macho na akasema: "Tumuachie. Inamufanya atembee muzuri." Niliahidi, na nilishika ile ahadi mpaka Edith alikufa, na hata nyuma yake. Kama hakukuomba kamwe uifanye tena, ni juu alikuwa anakuchunga.

Kwa hiyo kelele haikuniuma, Yaya. Nilikuwa nimekwisha kuitoa na roho safi.

Siku ya matanga ya mama, ulikuwa unaeleza bageni habari ya disiki. Ulifika ku gare ya tano, ukapanua mikono, ukasema uliifanya. Sawa, nimezoea. Kisha ukasema: "Na kulikuwa kamutoto kamoja pale, huyu Mado, kalishituka, kakamwaga munkoyo yote chini." Na bantu bote balicheka, na baliniangalia.

Sikumwaga. Niliumwa na bata, nilipiga kelele seconde kumi na moja na ndoo juu ya kichwa, na hakuna hata tone moja lilianguka. Mulikunywa munkoyo ile yote. Weye mwenyewe ulikunywa kikombe mbili. Miaka sita nimengojea ukumbuke, na unaniletea sufuria.

Disiki iko na Floribert, ndani ya blanketi mbili. Nilimukataza kuikalia. Fanya nayo vile unaona.

Mado


Lubumbashi, 1 Desemba 2024

Mado, mudogo yangu,

Ilifika nzima. Blanketi moja Floribert aliitia chini yake, lakini disiki alikuwa ameibeba ku mapaja kama mutoto wa ubatizo.

Nilisoma barua yako mara ine. Pale ya Edith nilicheka, kisha nikashindwa kucheka, kisha Plamedie akaniletea maji na akanisemesha "papa" tu, bila vous. Juu ya munkoyo: Unasema kweli. Nilikunywa kikombe mbili. Ilikuwa tamu na ilikuwa imejaa mpaka juu. Sijui kwa nini nilisema ulimwaga. Hadisi ilikuwa inaomba kitu pale, na weye ulikuwa karibu.

Jana nilibeba disiki ku Aristote. Tuliisikiliza yote, tangu gare ya kwanza. Kule ku rumba Kalenga anakosea kweli. Tulifika ku ya tano, na sauti yako ikapanda. Aristote alifunga macho. Nikamuambia: "Mwalimu, ule siye miye. Ni mudogo yangu. Aliumwa na bata."

Alifungua macho. Akaomba nirudilie. Nikarudilia. Akatoa cahier, akaandika "bata", akapiga mistari mbili chini yake. Kisha akasema: "Baba, affiche imekwisha kubandikwa mpaka Ruashi. Jina yako iko kubwa kuliko ya parokia." Nikasema nitaeleza bantu mwenyewe. Miaka makumi ine na kenda bantu bananiita ile jina. Hata kadi ya parokia imeandikwa vile.

Nakuombea kiti ya mbele. Sikuombe upige kelele wala usimame, ukuje tu uone. Kama hautaki kusikia sauti yangu, tia pamba mu masikio, sitakasirika.

Yaya yako,
Casimir


Lubumbashi, 15 Desemba 2024

Mado,

Kiti yako ilibakia wazi. Padri alitaka kuikalia, nilikataa, alikaa ku ngazi. Sikukasirika. Nakueleza vile ilipita, juu kama siye miye hakuna atakueleza sawasawa.

Mvua ilinyesha tangu asubui, goti ya Ruben ipate heshima yake. Lakini bantu balijaa. Kulikuwa bazee ba reli na kofia zao, na batoto ba université na nywele zenye siwezi kueleza. Batoto balipiga gare ine za kwanza. Mu karindula bamama balisimama bote. Mu misa ya Kilatini padri ule ule wa ku ngazi alikuwa anaimba. Kisha Aristote akatangaza gare ya tano, na bantu bakaanza: "Kelele, kelele, kelele," na kupiga miguu chini.

Nilishika micro. Meno nilikuwa nimetoa na kutia mu mufuko, juu ya usalama, kwa hiyo maneno ingine ilitoka na upepo. Nilisema: "Bantu ba Kampemba, nimewadanganya tangu 1975." Balifikiri ni sehemu ya mwimbo, balipiga makofi. Nikarudilia. Nikaeleza atelier, bande moja, robe ya misa, na bata. Kwa bata balicheka, na niliwangojea bamalize. Kisha nilisema: "Alikuwa na miaka kumi na tatu, na ndoo ya munkoyo juu ya kichwa, na hakumwaga hata tone moja. Nilisema mbele ya bageni alimwaga. Nilisema uongo. Tulikunywa yote."

Mama mumoja mu safu ya tatu akasema, "Seconde kumi na moja, na ndoo?" Mwingine akasema, "Ikijaa?" Nikasema ikijaa. Mado, bamama bale balisimama, na makofi yenye balipiga, gare zote saba hazikupata vile.

Kisha kijana mumoja kule nyuma, hasira ilimushika juu alikuwa ametoka mbali, akauliza: "Baba, basi weye sasa uko nani?"

Nikasema: "Miye niko yaya yake."

Aristote aliweka disiki, tukasikiliza sauti yako bote, tumesimama. Nyuma yake nilipiga gitare mpaka mwisho, na nilipiga muzuri. Sijapiga vile tangu Edith.

Sasa ku avenue bananiita Yaya ya Mado. Plamedie anasema ni jina fupi kuliko ile ingine, itafaa mu kadi.

Casimir


Sakania, 29 Desemba 2024

Yaya,

Floribert nilimuapisha asikuambie, juu nilitaka nikuambie mwenyewe. Nilitoka Sakania siku ya ine, na lori yake. Nilikuwa nimevaa kofia mupya na nimebeba nyama ya nguruwe ya kwako. Banguruwe beko sita.

Mbele ya Kasumbalesa barabara ilikuwa imekuwa matope na maji, na lori ikazama mpaka ku milango. Tulilala pale. Siku ya tano tulichimba. Siku ya mposho asubui tulichimba tena, na saa tisa nilielewa hatutafika. Nilikaa mu cabine na kofia yangu. Floribert alinipa beignet, njo vile nilijua hali ni mbaya.

Saa kumi akawasha radio. Mu cabine ilikuwa inakoroma tu. Akaibeba inje, akapanda juu ya kichuguu moja, ile kubwa ya huku, yenye urefu wa nyumba, na pale juu ikashika. Nikasikia karindula ikishuka kutoka juu kule. Basi nikavua viatu nikapanda. Niko na miaka makumi sita na mbili, Yaya, na nilikuwa na robe mupya, padri hajaiona bado. Floribert alinivuta mukono mumoja, dereva wa lori ingine yenye ilisimama pale alinisukuma kutoka chini na macho amefunga juu ya adabu.

Tulikaa pale juu, watatu, chini ya parapluie moja. Misa ikaisha. Kisha kukatoka sauti ya muntu bila meno. Floribert akanyoosha mukono haraka afunge, juu anajua neno langu la matanga, Sakania yote inalijua.

Nikamuambia: "Acha. Iseme."

Nilisikiliza mpaka ku lile tone la munkoyo. Nilisikiliza pia vile ulimujibu yule kijana. Floribert aliniuliza kwa nini nalia, nikasema ni mvua. Akasema mvua imekwisha. Kisha nikajisikia nikilia kwa nguvu, mu radio, nikingali na miaka kumi na tatu, na miye pale juu ya kichuguu nikafungua kinywa nione kama ingali ndani. Iko. Dereva wa lori ingine alianguka chini, lakini udongo ilikuwa laini, hakuumia. Lori tatu zenye zilikuwa mbali zilipiga honi. Floribert alipima na saa yake: seconde munane. Miye naiona kenda.

Ile lori ingine ilikuwa inarudi Sakania, nikapanda nayo. Nyama tulikula pale pale, usiingojee.

Ruben anasema kuna kitanda. Barabara itakauka kidogo juma ya pili ya Januari, goti haikuulizwa. Beba gitare na meno. Barua hii usiijibu. Kuja.

Mado